Reli Iliyosimama kwa Nahashon

Jumatatu asubuhi Bi Waridi alikuwa barazani akigeuza vitumbua vya mwisho, reli ilipokata kona ya msikiti na kuingia mtaa wao pale Majengo. Ilikuja taratibu, kama mtu anayeuliza njia: kokoto kwanza, kisha mataruma, kisha vyuma viwili juu yake. Ilikuwa imetoka karakana ya reli na kupitia Shauri Moyo bila kuvunja choo cha mtu. Bi Waridi alisogeza kigoda nyuma kidogo, akaendelea kuuza.

"Dada, umekuwa stesheni," akasema jirani yake Qamar. "Sasa na vitumbua utauza kwa tikiti."

Hakuna aliyeuliza imefuata nini. Wiki mbili baada ya Idi, Twalib, mtoto wa pekee wa Bi Waridi, alikuwa ameletewa barua ya kazi: kugeuza reli pale njia zinapogawanyika. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Miaka miwili mizima alikuwa akienda karakana kuomba, akiambiwa hakuna nafasi. Sasa ilikuwepo. Ilikuwa ya Nahashon, mpangaji wao wa chumba cha nyuma, aliyechukuliwa katika msako wa Aprili, siku askari wa mkoloni walipowakusanya Wakikuyu mji mzima kwa ajili ya Mau Mau.

Twalib alisema haendi popote bila radhi ya mama yake. Bi Waridi akasema ataswali aone. Akaswali, asione kitu.

Jambo lenyewe alikuwa nalo tangu Aprili, na halikuwa jambo la kuombea mwongozo. Asubuhi ile ya msako, Twalib alimvisha Nahashon kanzu yake na kofia ya marehemu baba yake, akamkalisha ukumbini kama mtu wa nyumbani. Wengi walifanya hivyo Majengo, na wengi waliponea hapo. Askari walipoingia walimtazama Nahashon, wakatazama kanzu, wakawa nusu wameshageuka. Lakini mzee wa mtaa waliyefuatana naye alisema muulizeni mwenye nyumba, mama huyu hajui kusema uongo. Wakamuuliza: huyu anaswali?

"Haswali," akasema Bi Waridi.

Nahashon alivua kofia mwenyewe, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kiti. Hakumtazama mtu. Mkubwa wa askari alimwambia Bi Waridi ahsante.

Baadaye Bi Waridi alikwenda kwa Maalim Abdurahim wa madrasa. Maalim alimwambia kwamba uongo wa kumwokoa mtu hauandikwi dhambi. Bi Waridi akajibu laiti angalijua. Alijua. Alifundishwa hivyo angali msichana, na yeye mwenyewe amewafundisha wenzake.

Jumanne akaja karani wa baraza la mji, akapima reli kwa kamba, akasema si banda wala si chumba, kwa hiyo haihitaji kibali. Wanawake wakaanika kanga juu yake. Jumatano ikapanda kizingiti na kuingia ukumbini. Twalib alikuwa amekwisha kuondoa viatu vyake njiani na kuuacha mlango wake wazi. Reli ikapita mlango huo bila kusita, ikaenda hadi chumba cha nyuma, ikasimama mbele ya kufuli la Nahashon. Wapangaji waliokuwa wakipika kwenye ua wa nyuma waliona, wakainamia masufuria yao. Bi Waridi alichukua ufagio akafagia kati ya taruma na taruma, maana alihitaji mahali pa kutazama.

Alhamisi baada ya alasiri Twalib alikuja akakaa juu ya chuma, karibu na miguu ya mama yake.

"Mama, niende nisiende?"

"Wajua aliyemsemea Nahashon?"

"Najua. Nilikuwa nyuma yako."

"Na hukuniambia neno."

"Nikwambie nini? Wewe mama yangu." Alikwaruza kutu kwa ukucha. "Ila nataka kujua kitu kimoja. Ile kweli uliisema kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yangu?"

Bi Waridi alivuta mtandio usoni. Ukumbini palinuka mafuta ya mashine.

"Kwa ajili yako," akasema.

Twalib alipangusa kutu kidoleni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga mizigo, kwamba akikataa, mama yake atakuwa amemtoa mtu bure. Na akikubali, yeye Twalib atakuwa amemla. Hakuona njia ya tatu.

Wala Bi Waridi hakuiona. Alimwekea mkono kichwani, akamsomea Fatiha, akampa radhi. Mkono ulikuwa mzito, akauondoa kabla ya amina. Ijumaa Twalib alikwenda kazini akikanyaga mataruma, kichwa chini, na nyumba nzima ikamwambia nenda salama.

Bi Waridi aliomba toba akaendelea kuiomba. Lakini Maalim alikuwa amemwambia pia, bila kuulizwa, kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Mungu hasamehe kwa niaba yake. Na mja huyo alikuwa kizuizini Manyani, nyuma ya seng'enge, siku nzima kwa gari la moshi.

Jumamosi ile likaja toroli. Lilijisukuma lenyewe ukumbini, likasimama mlangoni kwa Nahashon. Lilikuwa na kiti kimoja, kipana cha kumtosha mwanamke wa umri wake, na limeelekezwa Manyani. Bi Waridi alivaa buibui, akafunga nguo mbili kwenye kikapu. Halafu akakumbuka ana nguo za kufua.

Likaja tena Jumapili, na kila siku baada ya hapo. Twalib akapandishwa cheo, akaoa, na wajukuu wakajifunza kutembea kwa kushika vyuma vya reli. Wapangaji wapya huonyeshwa mahali pa kuruka wasijikwae. Kila alasiri toroli huja, husubiri, na Bi Waridi hutoka na tasbihi yake mkononi, hukifuta kiti vumbi kwa upindo wa kanga.

"Kesho, inshallah," huliambia.

Toroli huondoka tupu.