Birika la Nyuma

Mfinyanzi aliniachia vyombo sita mezani na sharti moja: vyote vionekane wazi kwenye picha, kuanzia kikombe cha mbele hadi birika la nyuma.

"Picha za wenzako nimeziona," alisema akiwa mlangoni. "Kikombe kimoja kinang'aa, vingine ukungu mtupu. Sasa mimi huo ukungu nitamuuzia nani?"

Ulimi uliniwasha, maana ukungu ndio niliokuwa nikiringia miaka yote. Lakini nilimeza mate. Picha hiyo ikimridhisha, angenipa kazi ya kupiga picha vyombo vyake vyote, na mimi kazi nilikuwa naililia. Tangu nigombane na bosi wa studio nikaondoka kwa kubamiza mlango, tulikuwa tunakula cherehani ya mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, na alicholeta nyumbani ni kile ambacho barabara ilimbakishia. Mama mkwe hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Alikaa chumba cha pili akishona tangu asubuhi, nami nilishaizoea sauti ya cherehani kiasi kwamba sikuisikia tena.

Nikavipanga vyombo karibu na dirisha, kwa sababu taa za kumulika zilivitia madoa meupe. Kwanza nikalifungua tundu la lenzi lote. Kikombe kikatoka kizuri, birika likayeyuka nyuma kama sabuni. Nikalibana kidogo, bakuli likajitokeza. Nikalibana zaidi, na kila nilipobana chombo kingine kilitoka ukunguni. Nilifurahi kama mtu anayewaona wageni wake wakiingia mmoja mmoja.

Tatizo ni kwamba tundu likiwa dogo mwanga unaingia kwa kuchungulia. Inabidi kamera iachwe wazi kwa sekunde kadhaa, tangu klik ya kufunguka hadi klik ya kufunga, na ndani ya sekunde hizo kitu chochote kisitikisike. Nilipoikuza picha, birika lilikuwa na midomo miwili. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikakaza stendi, nikaitundikia mfuko wa mchele uitulize, nikazuia pumzi hadi kizunguzungu. Midomo miwili.

Hapo nikaanza kutukana. Niliitukana kamera, nikamtukana aliyeniuzia lenzi, nikamtukana na mfinyanzi kwa kufinyanga vitu sita badala ya kimoja. Vyombo vilikuwa virudishwe kesho yake, na jua lilishaanza kulihama dirisha.

Nikajaribu tena, na safari hii birika lina mdomo mmoja. Nikabana tundu hadi mwisho, nikapiga nyingine: safi. Nikasogeza kikombe, nikageuza bakuli, nikapiga na kupiga, na zote zikatoka zimetulia, kila mchirizi wa rangi mahali pake. Nikajipongeza. Nikasema kumbe ule mfuko wa mchele ni akili kubwa, na studio itajuta.

Nikaibeba kamera kwenda kumringia mama mkwe, lakini mlangoni nikasimama. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu ameuinua juu ya pedali, mikono imetulia juu ya gauni la arusi, kichwa amekiinamisha upande wa chumba changu. Anasikiliza.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Nishone?"

Sikuelewa.

"Nilikusikia unaitukana kamera, nikaitazama chai yangu hapa. Kila nikikanyaga, inacheza. Nikajua na huko meza inacheza, mbao za sakafu si ni hizihizi? Basi nikawa nasubiri. Ikilia klik ya kwanza nainua mguu, ikilia ya pili nashona."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie, uende ukapigie uani kwenye upepo? Nakujua kiburi chako."

Nikalitazama gauni. Upindo wa chini ulikuwa haujaguswa, na mwenye gauni alikuwa anakuja kulichukua jioni ileile. Mama yule alikuwa amesimamisha mkate wetu kila nilipobonyeza kitufe, alasiri nzima, na mimi nikaushukuru mchele. Machozi yalinitoka. Nilimshika mikono nikamwambia asante, nikairudia mpaka akaniambia nimwachie, nachafua hariri ya watu. Tuliukunja upindo pamoja, mimi kwa sindano ya mkono, na alifumua karibu nusu ya nilichoshona.

Kesho yake nilipomrudishia vyombo kwenye karakana yake, mfinyanzi aliitazama picha. Alipitisha kidole juu yake kutoka kikombe hadi birika, kisha akasema kazi ni yangu. Nikamwomba kona ya kupigia picha mlemle. Sakafu ya pale ni ya saruji, hata ungecheza ngoma haitikisiki. Akakubali.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa karibu kukimbia. Nilimkuta mama mkwe anatunga uzi, nikampa habari yote kwa mkupuo: kazi nimepata, tena nitapigia kwa mfinyanzi, kuanzia leo yeye ashone atakavyo, hakuna tena wa kumsimamisha. Nilidhani atashusha pumzi.

Aliuweka uzi chini.

"Huko kwa watu," alisema, "nani atakuwa anakusikiliza?"