Inchi Saba za Mheshimiwa Kisogo

Siku niliyopanda ndege kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka sitini na nane, viatu vipya vinavyobana, na mkwe.

Viatu nilivinunua mwenyewe. Mkwe nilitumiwa. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alikuwa amenipigia simu miezi minne mfululizo: "Mama, njoo ukae na sisi moja kwa moja. Magoti hayo na ngazi hizo, utaanguka nani akuokote?" Mwishowe nikamwambia haya, nitakuja, lakini nikishuka tu kwenye ndege nitakupa jibu langu, kama nakaa au nakula wiki mbili narudi zangu. Akamtuma mumewe aje anichukue. Tiketi ya kurudi nilikuwa nayo, nimeikunja mara nne nikaifunga kwenye kitambaa. Cherehani yangu niliiacha imefunikwa shuka safi, mafuta nimeitia, kama mtu anayekwenda dukani na kurudi.

Niseme ukweli. Shaka yangu haikuwa kwa binti yangu. Shaka yangu ilikuwa kwa mkwe.

Mimi nilimpa jina la Mnara, kwanza kwa urefu, pili kwa sababu mnara nao hausemi. Miaka minane ya ndoa, maneno aliyowahi kuniambia ukiyaweka kwenye kijiko hayajai. "Shikamoo Mama." "Ndiyo Mama." "Asante Mama." Basi. Suti yake ya harusi niliishona mimi. Nilipokuwa nampima alisimama ameangalia dari kama vile dari ndiyo inayooa. Paja lake, kutoka nyonga hadi goti, lilikuwa inchi ishirini na sita. Nilipima mara tatu nikidhani futi yangu ya utepe imelegea.

Sasa nyumba ya kuzeekea huichagui kwa rangi ya ukuta. Unataka kujua jambo moja tu: siku mtu akikuonea, mwenye nyumba atafungua mdomo, au ataangalia dari? Safari ilikuwa ya saa tatu. Nikajisemea, saa tatu zinatosha kumjua mtu.

Nilikaa kiti cha upande wa njia. Pembeni yangu, dirishani, alikaa mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo na gazeti la mafumbo. Mnara alikaa kiti cha nyuma ya changu, naye upande wa njia. Alinifunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akasema, "Tayari Mama." Maneno mawili. Nikamwandikia maksi.

Ndege ilipokwisha kunyooka huko juu na taa ya mkanda kuzimwa, nikasikia kiu. Kwenye mkono wa kiti kulikuwa na kitufe cha duara, kimekaa mahali ambapo kidole kinakipata chenyewe. Nikajua hicho ndicho cha kumwitia mhudumu. Nikakibonyeza, nikaegemea kusubiri. Hakuja mtu. Nikabonyeza tena, nikaegemea vizuri zaidi. Wapi! Mara ya tatu nikakikandamiza kama ninavyokandamiza kanyagio la cherehani, nikajitupa nyuma kwa kukata tamaa. Huduma ya angani hiyo. Unaita mpaka mgongo unastarehe wenyewe.

Nyuma yangu nilimsikia Mnara akivuta pumzi kwa nguvu. Nikadhani anaogopa ndege, maskini, mwili wote ule.

Ndipo kiti cha mbele yangu kilipoanguka.

Nasema kilianguka kwa sababu kulala ni kitu cha taratibu. Hiki kilikuja chote kwa mkupuo, pu! Na mwenyewe hakugeuka hata kuangalia kama huku nyuma kuna mtu, mzigo au mbuzi. Watu wakubwa hawageuki. Kichwa chake kikatua karibu na uso wangu hivi kwamba ningeweza kuzihesabu nywele zake, na nina hakika haingekuwa kazi ya siku nzima. Hapo hapo nikampa cheo: Mheshimiwa Kisogo.

Nikatoa futi mkobani. Kutoka ncha ya pua yangu hadi kitambaa cha kiti chake: inchi saba. Kola ya mtoto wa darasa la kwanza ninaikatia inchi kumi na moja.

"Unapima nini, Mama?" akauliza Mwalimu.

"Napima heshima ya siku hizi. Imefika inchi saba."

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaning'inia. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ya kumaliza kipindi, kwamba mambo haya yana utaratibu wake. Kwanza unageuka, unamwangalia wa nyuma yako ana nini mkononi. Unamwomba. Unalaza polepole. Chakula kikija unanyanyua, mtu apate kula. "Watu hawafundishwi," akasema. "Lakini Mama, hata hicho cha kwako..."

"Cha kwangu sijakigusa!" nikamkata. "Cha kwangu nimekikuta kilivyo, na nimekaa kwa adabu."

Mwalimu akanitazama, akatazama kiti changu, akarudi kwenye mafumbo yake.

Nikamgusa Mheshimiwa begani kwa vidole viwili, kama unavyogusa pasi kujua kama imepata moto. "Samahani, baba. Kiti chako kimenifikia."

Akatoa kidude cha kusikilizia filamu sikioni, kimoja tu, cha pili akakibakiza. "Mama, kitufe kimewekwa kitumike."

"Ni kweli, baba. Na ule mlango wa dharura nao umewekwa utumike. Mbona hujaufungua?"

Akarudisha kidude chake sikioni.

Nikamsubiri Mnara. Nilijua ameniona na amesikia, maana masikio anayo, makubwa tu. Hapa ndipo pa kusimama na urefu wote ule, umwinamie Mheshimiwa, useme, "Kaka, huyu ni mama yangu." Nikasubiri. Nyuma kimya. Baadaye nikasikia kitu kinakwaruza, kama mtu anayejaribu kukunja meza ya chuma ndani ya kabati dogo.

"Mko salama huko nyuma?" nikauliza, kwa sukari kidogo.

"Salama Mama."

Maksi zake nikaanza kuzifuta.

Chakula kikaja, wali na kuku, vimefunikwa karatasi ya fedha kama zawadi. Mhudumu, binti mmoja mwenye skafu ndogo shingoni, alikuwa anasukuma toroli kama anakimbizwa. Meza yangu nikaishusha, ikaja mpaka tumboni ikakwama. Chai nikaishika mkononi, sahani nikaiweka kifuani, nikawa nakula kama mgonjwa aliyelazwa. Kila Mheshimiwa alipocheka na filamu yake, chai yangu nayo ilicheka.

Toroli lilipofika nyuma nikasikia gonga! na sauti ya Mnara: "Samahani." Halafu gonga tena, wakati wa kurudi. "Samahani dada."

Mhudumu akamwambia, "Kaka, miguu ndani tafadhali."

"Najaribu," akasema Mnara.

Nikatikisa kichwa. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anatandaza miguu njiani kama yuko barazani kwake. Na huyo ndiye niende nikazeekee kwake! Nikamwambia Mwalimu wala sikuipunguza sauti, "Kuna watu wana urefu wa bure. Hautetei mtu, unagongwa na matoroli tu."

Mwalimu akakohoa.

Kwenye saa ya pili Mheshimiwa Kisogo akanyanyua kiti, akainuka kwenda msalani. Mnara naye akainuka haraka, akamfuata. Moyo wangu ukaruka. Sasa! Nikageuka shingo yote. Wakasimama kule nyuma karibu na mapazia. Mnara akasema kitu kifupi, ameinama, mikono nyuma. Mheshimiwa akasema kitu kirefu kidogo, akanyoosha kidole kuelekea kwangu. Kisha, nasema nililoliona kwa macho yangu haya mawili, Mnara akatikisa kichwa kukubali. Akakubali! Mheshimiwa akampigapiga begani kama ndugu yake, wakarudi wote, na kiti cha mbele yangu kikaanguka tena, pu!

Hapo nikamaliza. Nikafungua kitambaa, nikaitoa tiketi ya kurudi, nikaikunjua, nikainyoosha juu ya paja kwa kiganja mpaka mikunjo yote ikaisha. Maneno ya kumwambia binti yangu nikayapanga kabisa: Mwanangu, nyumba yako nzuri, watoto wako wazuri, ila mumeo ni ukuta, na mimi kuta ninazo nne kwangu. Narudi Jumapili ya pili.

Tulipoanza kushuka, mhudumu akapita akiangalia mikanda. Mheshimiwa akaambiwa mara moja, akanyanyua kiti bila kinyongo. Nikafurahi. Serikali imefika.

Mhudumu akasimama kwangu. "Mama, naomba unyanyue kiti chako."

"Mwambie huyo wa mbele, binti yangu."

"Wa mbele ameshanyanyua, Mama. Ni chako."

"Changu kina nini?"

"Kimelala, Mama. Kimelala chote."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akalitazama dirisha, na ninavyojua mimi nje kulikuwa na mawingu tu.

Mhudumu akainama, akakibonyeza kile kitufe cha duara, kile changu cha kuitia huduma, na kiti kikanirudisha mbele kama mtoto aliyesinzia darasani. Na huko nyuma nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanadamu, ndefu, ya chini, "Aaaah," sauti ya magoti mawili yanayorudi kwa mwenyewe.

Mheshimiwa Kisogo, kwa mara ya kwanza katika saa tatu, akageuka nyuma. Akanitazama vizuri sana, akatabasamu, akageuka mbele. Ningependa kusema alikuwa na sura mbaya. Hakuwa nayo.

Tulipotua, watu wote wakasimama kwa pupa kana kwamba mlango utawakimbia. Mnara akawa njiani anashusha mizigo yetu na ya Mwalimu na ya wengine wasioifikia. Mimi nikakibonyeza kitufe, nikakilaza kiti changu tena mpaka mwisho, nikageuka, nikanyoosha futi pale nyuma, kutoka kiegemeo chake hadi mgongo wa kiti changu. Inchi ishirini na moja.

Sikuhitaji karatasi. Inchi tano za mkwe wangu, kwa kila mguu, hazikuwa na mahali pa kukaa kwa saa tatu. Ndizo zilizokuwa njiani zikigongwa na toroli.

Kwenye mkanda wa mizigo tulisimama sisi wawili. Alikuwa anachechemea kidogo, anajitahidi kuchechemea kwa siri.

"Ulikuwa unamwambia nini yule bwana kule msalani?" nikamuuliza.

Akaangalia dari. Uwanja ule una dari ya juu sana, nikaona leo itachukua muda. "Nilimwomba anyanyue kiti, Mama."

"Akasemaje?"

Akarudi kwenye dari.

"Akasemaje, baba? Sema tu, mimi si bomu."

"Alisema... nianze kwanza na mama yangu. Aliyelala juu yangu. Akinyanyua mama, naye atanyanyua."

"Nawe ukakubali."

"Alikuwa anasema kweli, Mama."

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi?"

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimpime ile suti. "Mama, nikuambieje? Mkwe naanzaje kukuambia wewe uinuke?"

Basi hapo mimi, mwenye maneno ya kumjibu kila mtu angani na ardhini, nikajipima mwenyewe. Nimemhukumu mtu saa tatu kwa kutofungua mdomo, na mdomo ule ulikuwa umefungwa kwa ajili yangu. Tena nilikuwa nimemlalia.

Begi langu likapita mbele yetu. Tukaliacha lipite, likazunguka peke yake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Siku nyingine nikikulalia, kwa kiti au kwa maneno, unasema. 'Mama, inuka.' Maneno mawili. Unayo, nimekusikia ukiyatumia."

"Ndiyo Mama."

"Siyo hayo."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, cha tumboni. Miaka minane sikujua.

Nje binti yangu alikuwa anasubiri na gari dogo la rangi ya maziwa. Akanikumbatia, akaniangalia machoni, na kama kawaida yake hakungoja nifute jasho. "Mama, jibu langu?"

"Kwanza mumeo akae mbele. Mimi nakaa nyuma."

"Mama! Wewe ndiye mgeni, kaa mbele."

"Mgeni nani? Akae mbele, ana magoti."

Tukaingia. Mimi nikakaa nyuma ya Mnara. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, nadhani watoto walikuwa wamepanda asubuhi, na mapaja yale ya inchi ishirini na sita yalikuwa yamegota kwenye kijidroo cha gari, magoti yamefika karibu na kidevu. Akakaa hivyo hivyo. Binti yangu akawasha gari. Nikasubiri. Nikaona masikio yake makubwa yanaanza kuwa mekundu.

Halafu akageuka. Akageuka kabisa, shingo na bega, akaangalia miguu yangu iko wapi na mkoba wangu uko wapi.

"Mama," akasema, "nikisogeza kiti nyuma kidogo, nitakuumiza?"

Nikapima kwa macho, kutoka goti langu hadi kiti chake. Zilikuwepo inchi kumi na mbili, na mimi ni mfupi.

"Sogeza, baba," nikasema. "Polepole lakini."

Akasogeza polepole. Kikanifikia inchi saba, labda na nusu. Nikaitoa tiketi mkobani, nikampitishia binti yangu begani.

"Hii irudishwe ilikonunuliwa," nikamwambia. "Na mtafute mtu wa kunisafirishia cherehani. Ni nzito. Asiilaze."