Vidole Viwili Juu ya Klachi

Gotthold hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache ya Jumapili ile aliyasema ameinama, akikaza nati ya ekzosi.

"Mizunguko minne, Anett. Ikipishana kwa zaidi ya sekunde moja, mashine inakwenda makumbusho. Nimeshaongea nao."

Anett, binti yake wa pekee, aliushika usukani. Majira matatu ya baridi walijifungia gerejini baba na mwana, wakiifufua pikipiki ile ya mbio iliyoundwa mjini Zschopau, Ujerumani, kabla ya vita, na yale ya mwisho Frieda, mtoto mchanga wa Anett, akilala kapuni kando ya jiko la makaa. Leo ikasimamishwe nyuma ya kamba, isingurume tena?

Mbio za pikipiki kongwe hazimtuzi mwenye kasi. Mshindi ni yule ambaye mizunguko yake inalingana, na kubeba saa ni marufuku. Kila mtu na siri yake. Ya Anett ilikuwa wimbo wa kumbembelezea Frieda: ukiuimba mara tisa, mzunguko umekwisha.

"Usije ukasinzia njiani!" jirani yao Egbert alimtania, juu ya pikipiki yake nyekundu. "Leo utakula vumbi langu."

"Vumbi lako liko sebuleni, mzee Egbert. Mkeo kaniambia."

Bendera ikashuka. Anett akasukuma, akadandia, injini ikaitika kwa moshi wa buluu. Mzunguko wa kwanza, mara tisa. Wa pili, tisa. Katika wa tatu Egbert alimpita akipunga mkono. Damu ikamchemka, lakini akaendelea kuimba. Tisa.

Mzunguko wa nne, kwenye mteremko wa kanisa, mlio ukabadilika. Kidogo tu, kama pumzi ya mtoto kabla ya kukohoa. Wimbo ulibaki mara moja. Akikaza, labda ingefika. Labda.

Vidole viwili vilivyokaa juu ya klachi tangu mwanzo vikabana, kabla pistoni haijakwama ndani ya silinda. Injini ikazimika. Akateremka kimya, upepo tu masikioni, akaiacha ipoe, kisha akaachia klachi taratibu. Ikawaka.

Alichelewa sekunde kumi na moja.

Gotthold alichuchumaa kando ya injini. Alifungua ekzosi, akamulika ndani ya silinda kwa kurunzi.

"Pistoni haina hata mkwaruzo. Uliisikia wapi?"

"Mteremkoni, kanisani."

"Mimi mahali pale pale sikusikia, nikiwa rika lako. Nilivunja injini na bega." Akafungua tangi, akachovya kidole, akasugua tone kwa dole gumba. "Oili kidogo mno. Na petroli na oili nilichanganya mimi asubuhi. Macho haya, hayaoni vipimo tena!"

"Baba, lakini nimechelewa. Makumbusho..."

"Nitawapigia kesho. Watafute nyingine."

Akamkabidhi kile kikombe cha bati cha kupimia oili, ambacho hakuwahi kumwachia mtu akishike.

"Kuanzia leo utapima wewe."