Mkate Uliolala Chali

Kengele ya chakula iligongwa saa moja jioni, jua la Agosti likiwa bado juu ya miti ya jozi. Bi Hortense de Lascombe alileta supu ya vitunguu saumu mwenyewe. Wageni wake wiki hiyo walikuwa Odile na mumewe Gaétan, watu wa Limoges. Jumba lake, alilopangisha wageni wa likizo, lilikuwa na minara miwili ya enzi za wafalme, mabomba yaliyolia kama mbuzi, na baba mzazi wa Bi Hortense, Bwana Anselme, aliyefariki zamani na ambaye kila jioni alishuka kula. Wageni walielezwa habari zake siku ya kufika, pamoja na habari za maji ya moto, kwamba huchelewa kidogo.

Odile hakuja kupumzika tu. Wakati wa vita babu yake, mwalimu wa shule, alifichwa katika mnara wa njiwa wa jumba hili, mpaka Wajerumani walipokuja wakapanda moja kwa moja bila kuuliza njia. Walimchukua, na hakurudi. Alimwacha Josette, mama yake Odile, akiwa mtoto mchanga. Tangu Josette awe mtu mzima, kila mwaka alimtumia Bwana Anselme sanduku la chokoleti kumshukuru kwa kumsitiri baba yake, na mzee alipokufa hakuacha. Safari hii alimpa bintiye.

"Mpe kwa mkono wako, umshukuru," alisema. "Nikifa hilo halijafanyika sitalala vizuri."

Basi Odile alimwekea marehemu sanduku mbele yake. Mzee alilitazama, akalisukuma kwa Bi Hortense. Alikunywa supu, akamimina divai nyekundu kwenye masalio, akainua sahani na kuigida kama wazee wote wa mkoa ule wa Périgord. Mkate aliukataa.

"Meno," alisema Bi Hortense. "Tangu tumzike hagusi mkate."

Jioni ya tatu Gaétan alikuwa akikata mkate huku akimsimanga shemeji yake asiyekuwepo, na kwa kunogewa na maneno akaurudisha mezani chali.

"We mwanangu!" alimaka Bi Hortense. "Mkate wa mnyongaji huo! Ugeuze!"

Zamani mwoka mikate alimtengea mnyongaji mkate wake kwa kuulaza chali, ili mtu mwingine asiuguse. Mpaka leo hata wasiokanyaga kanisani huugeuza haraka. Gaétan alicheka, akanyoosha mkono. Mkono wa marehemu ulitangulia.

Bwana Anselme aliuvuta mkate kwake akaula wote, ganda na nyama yake, kama mtu aliyekuwa amefunga. Meno yake yalikuwa mazima kabisa.

 Odile alishtuka, na si kwa sababu maiti anakula. Hilo alishalizoea tangu Jumatatu. Ni kwamba mzee aliuchukua kama mwenye kutengewa.

"Ulimtaja nani kwa Wajerumani?" alimuuliza mzee.

Bwana Anselme alifuta mdomo kwa kitambaa. "Mwalimu. Yule wa juu kwa njiwa."

"Kwa nini?"

"Njiwa walikuwa hawatagi, binti yangu. Wanataka utulivu."

"Baba, supu inapoa," alisema Bi Hortense.

Gaétan alimgeukia. "Mama, wewe ulijua?"

"Nilikuwa mtoto, mwanangu. Ila kusema kweli, baada ya hapo walitaga vizuri."

Asubuhi Odile alikwenda kwa meya. Barabara ya kutoka kanisani hadi kwa mwoka mikate ina jina la Bwana Anselme, na kibao kinachosema aliwaficha waliowindwa. Meya, mama mmoja mchangamfu, alimmiminia kahawa na kumwamini kila neno, kwani yeye mwenyewe alishakula na marehemu.

"Pole sana, bibi," alisema. "Lakini tukibadili jina, watu wa posta watachanganyikiwa. Kuna barabara tuliwahi kuibadili, wakazi wake mpaka leo barua hawazioni."

Odile alirudi amevimba kwa hasira. Jioni alikuta mikate miwili mezani. Mmoja ulikuwa umelazwa chali mbele ya kiti cha mzee. Bi Hortense alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Sijui nikushukuruni vipi, wewe na mumeo. Miaka yote nampa mkate wa watu wengine. Maskini baba yangu, kumbe alikuwa na njaa!"

Kisha akafungua sanduku la chokoleti, akachagua yenye jozi ndani.

Simu ya Odile ililia. Alikuwa mama yake.

"Umemshukuru?"

Bwana Anselme alikuwa akishuka ngazi, kitambaa cha mezani kimeshafungwa shingoni. Aliketi, akauvuta mkate wake. Odile aliitazama mikono yake ikiumega.

"Odile? Yule mzee umemshukuru?"

"Yuko mezani, mama. Anakula."

"Ah, vizuri," alisema Josette. "Mwambie ale ashibe."