Fungu la Kuni la Hortense

"Kulala si kuishi, Hortense! Hata popo analala darini kwako. Na yeye tumpe fungu la kuni?"

"Popo hakuzaliwa humu. Mimi nimezaliwa chumba kile pale, na mkunga alikuwa mama yako mzazi. Usiniletee popo wako, Aloyse!"

Walisimama kila mmoja upande wake wa ukuta wa bustani, wakirushiana maneno mpaka pazia la nyumba ya tatu likasogea. Kura ya kuni ilikuwa kesho yake. Kila majira ya baridi msitu wa kijiji cha Vellange, mpakani mwa Ufaransa, hugawanywa mafungu ya kuni, majina yakasomwa na kura ikaamua nani achukue lipi: moto mmoja, fungu moja. Huhesabiwi kwa kichwa wala kwa mlango, unahesabiwa kwa moto. Na mzee Aloyse, mmoja wa wasimamizi wa mgao, alikuwa ameikodolea macho dohani ya jirani yake tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba. Haikutoa moshi hata wa kumkohoza shomoro.

"Binti yako amekutilia joto la umeme," akasema. "Vizuri, ujipashe. Sasa kuni za nini? Za kuwekea vyungu vya maua?"

Hortense akamgeuzia mgongo. Akaingia ndani, akaubamiza mlango.

Akakaa jikoni bila kuvua koti lake. Solange, binti yake, alikuwa na nyumba kubwa ng'ambo ya mpaka, Luxemburg, na kila Jumapili alimwimbia wimbo uleule: mama, hamia kwetu, huko umebaki na nini? Mwaka jana Hortense alimjibu, "Jina langu limesomwa kwenye kura." Kesho lisiposomwa, atamjibu nini?

Mama wa bibi yake alizaliwa Mfaransa, akaolewa akiwa Mjerumani, akazikwa Mfaransa tena, na hakuwahi kuhama nyumba hii. Mpaka ndio uliokuwa ukitembea. Walimu walibadilishwa, vibao vya barabarani vikabadilishwa lugha, lakini siku ya kura jina la nyumba lilisomwa, mara kwa matamshi ya hawa, mara ya wale. Kisha machimbo ya chuma yakafungwa, wanaume wakakosa pa kuchafulia mikono. Siku hizi vijana wanavuka mpaka alfajiri kwenda kazini, wanarudi gizani, wanabonyeza kitufe na nyumba inapata joto. Majirani wa kupita! Hortense amewasengenya sana, kwa mwokaji mikate na hata kanisani. Amewapa jina: watu wa kitufe.

Akainua macho. Kitufe kilikuwa ukutani kwake, na kijitaa chake chekundu kikimkonyeza.

"Shenzi," akakiambia, akakizima.

Akatia magazeti na vijiti kwenye jiko la chuma, akawasha kiberiti, akaweka juu yake chungu cha maharage mabichi, viazi na kipande cha nyama ya nguruwe. Moto ukashika vizuri. Moshi, badala ya kupanda, ukarudi ndani kama mgeni aliyesahau kofia. Hortense akafungua dirisha, akikohoa na kutukana kwa lahaja ya nyumbani, ile isiyo ya Paris wala ya Berlin.

Mara akamsikia Aloyse akipiga kelele, "Hortense! Unaungua?" Akatokea mlangoni amebeba ndoo, soksi miguuni, viatu hana.

"Naishi!" akafoka Hortense. "Si ulitaka moshi?"

"Nilitaka utokee juu, si dirishani!"

Akaweka ndoo chini, akafungua kijilango cha masizi chini ya dohani, akaingiza mkono mpaka begani. Kikatoka kiota kizima cha kunguru, vijiti, manyoya na kipande cha utepe wa harusi. Jiko likavuta pumzi, likaanza kunguruma. Hortense akacheka, naye Aloyse akacheka, uso mweusi kama mchimbaji aliyetoka zamu.

Kisha Aloyse akatazama nje dirishani. "Mtaa huu una moshi wangu peke yake, unajua? Asubuhi natoka, natazama juu, ni kama nimebaki kwenye mazishi na wengine wote wameshaondoka. Nikajisemea, huyu naye anaenda kwa Solange, ila anaona haya kuniaga."

"Ndiyo ukaamua kuninyima kuni?"

"Nilitaka ugombe. Mtu anayeondoka hagombi."

Hortense akamtazama alivyosimama na soksi zake zilizolowa. Alikuwa na tusi tamu kabisa ulimini, akalimeza.

"Na kesho utawaambia nini wenzako?"

"Kwamba kuna moto. Nimeuona."

"Kuuona tu hakutoshi, watasema ni moto wa kuigiza." Akafunua chungu, akakoroga, akachukua bakuli mbili. "Vua hizo soksi uzianike hapo. Haya, kaa ule."