Mama Mkwe Mbele ya Bendera

Kazi ya kushika bendera ina upweke wake, na Mukuka alikuwa ameuonja wote. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Shirikisho la wakoloni, barabara ya kwenda kusini ikipanuliwa kwa ajili ya malori ya samaki. Kutwa nzima alisimama mwisho wa tuta jipya nje ya Nchelenge, bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono ule, na ziwa Mweru nyuma ya matete bila kumwambia neno. Tuta lilipitisha gari moja tu, kinamasi pande zote mbili. Upande wa pili, baada ya kona, alisimama mwenzake Patson, lakini hawakuweza kuonana. Kilichowaunganisha ni fimbo moja iliyopakwa chokaa. Aliyekuwa nayo ndiye aliyefungua njia. Alimpa dereva wa mwisho aipeleke ng'ambo, kisha akazuia magari yote mpaka irudi. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga, ila wahenga hawakushikishwa bendera.

Siku nyingine fimbo ilipofika, Mukuka aliinusa ajue kama Patson amekula samaki. Upweke ulikuwa umefika hapo.

Mke alikuwa naye, Febby, lakini aliishi Kashikishi kwa mama yake, Bana Chileshe. Kwa desturi ya huko, mwanamume aliyeoa hamtazami mama mkwe wake wala hasemi naye. Wakikutana njiani, yeye huingia majanini mpaka mama apite. Heshima hiyo huendelea hadi siku mama mkwe atakapompikia na kumwingiza nyumbani rasmi, awe mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo, wanaume wanaozungumza na mama huyo uso kwa uso ni ndugu zake na watu baki.

Bana Chileshe alikwisha kumpikia mara mbili. Mara mbili kapitao, msimamizi wa kazi ya barabara, alimnyima ruhusa: nani atashika bendera? Mara ya pili pombe ilichacha mtungini, kuku wakaliwa na majirani, na majirani wana midomo. Mukuka alitaka kupikiwa mara ya tatu. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Asubuhi moja fimbo ilikuwa kwa Patson. Lori la samaki wakavu likaja kutoka Kashikishi, dereva wake Ackson, na Mukuka akainua bendera nyekundu. Ndipo alipomwona Febby juu ya magunia, amekumbatia mkeka na sufuria zake. Moyo ukamruka. Kisha akamwona aliyekaa mbele kando ya dereva. Alikuwa Bana Chileshe.

Miguu haikumsubiri afikiri. Aligeuka, akaingia majanini, akachuchumaa na bendera zake, kama afanyavyo kila mwanamume aliyelelewa vizuri. Malezi mema, mahali pabaya. Ackson alipoona barabara haina mtu wala bendera, alidhani njia imefunguliwa, akakanyaga mafuta.

Kule majanini Mukuka akasikia honi nyuma ya kona. Lori la kokoto lilikuwa limeshaingia kwenye tuta kutoka kwa Patson.

Alichomoka kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Lori la samaki lilikuwa zito, bado linajikokota. Alilipita, akasimama mbele yake mikono wazi, bendera nyekundu juu, akitazama moja kwa moja kwenye kioo. Aliyaona macho ya mama mkwe wake na hakuyakwepa.

Ackson alifunga breki. "Weye mutu wa namna gani?" alifoka. "Unakimbia, kiisha unarudia! Unataka kutuua?"

"Rudia nyuma! Motokari ingine inakuya!"

Ackson akarudi nyuma, akilaani. Lori la kokoto likapita, na dereva wake akamkabidhi Mukuka fimbo. Sasa njia ilikuwa mikononi mwake. Aligeuza uso upande wa ziwa, kwa heshima, akamwita mkewe aliye juu ya magunia.

"Febby, munaenda wapi?"

"Luanshya. Kwa yaya." Kaka yake alifanya kazi mgodini huko.

"Ambia mama anipikie mara moja tu. Hata bakinifukuza kazi, nitakuya. Umuambie."

Alingoja. Kwa desturi, jibu la mama lingepitia kinywani mwa binti. Lakini mlango wa mbele ulifunguka, Bana Chileshe akashuka, akazunguka mpaka akasimama mbele ya Mukuka. Hakujifunika uso. Alimtazama kwa utulivu, kama mtu anavyomtazama muuza chumvi.

"Baba," alisema, "aksanti kwa kutusimamisha, tungekufa. Sasa utufungulie njia. Safari iko mbali."

Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Mukuka. Hakumpikia tena, hakumwingiza nyumbani, na bado alikuwa anazungumza naye. Basi kwake alikwisha kuwa mtu baki. Juu ya magunia Febby alikuwa analia, lakini hakushuka.

"Ndiyo, mama," alijibu Mukuka. Hakuwahi kumwambia mama huyo neno lolote kabla ya hapo. Akampa Ackson fimbo, akainua bendera ya kijani.