Kuku wa Nusra Wafungishwa

Twahir alikuwa na huruma iliyopita kiasi, na Ramadhani ilimzidishia. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa akifuga kuku wa nyama, broila, wa harusi ya binti yao Nusra, iliyopangwa Idi pili. Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilikuwa kimeshafagia mabanda ya Kombani. Kikifika kwao Msambweni, wageni wangekula pilau ya maharagwe, na aibu hiyo Twahir hakutaka hata kuiota.

Mercy, daktari wa mifugo, alishauri kuku wapewe dawa ya minyoo kwanza, ndipo wachanjwe.

"Hii dawa haiui minyoo tu," alieleza. "Inaamsha kinga ya mwili, chanjo ikija inashika poa. Lakini kesho wanyimwe maji tangu alfajiri, ndio saa nne wanywe dawa yote. Na isipite keshokutwa, Mzee, ama siku ya harusi itakuwa bado iko kwa nyama."

Asubuhi Mwanamkuu aliondoa maji, akaufungia mtungi ndani, akaenda sokoni. Twahir akabaki na vilio. Kuku walihema midomo wazi, wakimtazama yeye. Naye koo lilikuwa limemkauka, maana usingizi ulimpitia akakosa daku. Alistahimili kidogo, akashindwa. Akaangua madafu, akayapasua, akajaza vyombo vyote. Hawa hawakufaradhishiwa saumu, alijiambia, na kumnywesha mwenye kiu ni thawabu.

Mercy alipokuja na dawa, hakuna kuku aliyesogea. Walikuwa wamejilalia, wameshiba maji.

Mwanamkuu aliokota dafu lililopasuliwa nyuma ya banda. "Baba Nusra, umewafuturisha?"

"Niliona wana kiu, mke wangu."

"Basi kesho utawalinda wewe. Wakionja tone, aibu ya maharagwe utawaeleza wakwe kwa kinywa chako."

Kesho yake Twahir alikaa mlangoni pa banda, panga la madafu amelikabidhi kwa jirani. Kuku walilalamika, naye akalalamika nao, akiwaomba wasubiri. Saa nne Mercy akamimina dawa. Walirukiana, wakanywa mpaka vyombo vikakauka.

Mwanamkuu alicheka kwa furaha. Twahir naye alifurahi, maana sasa pilau ya Nusra ilikuwa na matumaini, ila macho yake hayakubanduka kwenye vile vyombo.

"Mama Nusra," alisema kinyonge, "wenzangu wameshafuturu. Mimi bado mpaka magharibi."